Mgonjwa Asisubiri Mpaka Alie

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu, matroni wetu, walimu wa chuo cha uuguzi, wauguzi wenzangu mliotoka wodini na mliotoka zahanati za mbali, wanafunzi, nanyi ndugu mliokaa safu za nyuma, mlioalikwa kwa sababu kila mmoja wenu ana mtu anayemuuguza nyumbani. Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Poleni na safari, na poleni na kuuguza.

Nimepewa mada ya nafasi ya muuguzi katika kutuliza maumivu ya mgonjwa wa saratani. Naanza na lile nililokuja kulisema, ili hata atakayeitwa wodini kabla sijamaliza aondoke nalo. Dawa ya maumivu ya saratani hutolewa kwa saa, haitolewi kwa kilio. Mgonjwa akifikia hatua ya kuita, au ya kumtuma mwanawe azunguke korido akimtafuta sista, huyo ameshacheleweshwa. Na waliomchelewesha ni sisi, hata kama hatukukusudia.

Nawaambia wauguzi kwa sababu ya mahali tulipo. Daktari anapita raundi asubuhi, anamwona mgonjwa, anaandika, anakwenda kwa wengine wanaomsubiri. Anayebaki ni muuguzi. Yeye ndiye anayemgeuza mgonjwa, ndiye anayeona uji umeachwa nusu kikombe, ndiye anayejua kwamba mzee wa kitanda cha dirishani siku hizi hawezi kulala chali. Maumivu hayana saa za kazi, na zamu zetu ndizo zinazofunika mchana na usiku.

Jambo lenyewe si dogo. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa walio kwenye matibabu ya saratani wana maumivu, na kwa wale ambao ugonjwa umeshasambaa inafika takribani theluthi mbili. Kwetu wagonjwa wengi wanafika hospitali ugonjwa ukiwa umeenda mbali: saratani ya shingo ya kizazi imeshagusa mishipa ya fahamu ya nyonga, ya titi imeshapasuka ngozi, ya tezi dume imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo. Wengi wa hao hatutawaponya. Lakini maumivu yao, kwa sehemu kubwa sana, yanatulizika kwa dawa za kawaida zikitolewa inavyotakiwa. Kwa hiyo mgonjwa anapokesha akiugulia, mara nyingi dawa ipo duniani na kilichokosekana ni mtu wa kuifikisha kwake kwa wakati.

Hili la kutoa dawa kwa saa lilianzia kwenye kazi ya uuguzi, na ningependa wanafunzi walijue. Palikuwa na mama wa Kiingereza aliyeitwa Cicely Saunders. Alikuwa muuguzi wakati wa Vita Kuu ya Pili, mgongo ukamsumbua akahamia ustawi wa jamii, baadaye akasomea udaktari na kuhitimu mwaka 1957. Kabla hajawa daktari alikuwa akijitolea kama muuguzi katika hospitali ya St Luke's, London, iliyopokea watu waliokuwa wanaelekea kufa. Kule aliona jambo ambalo hakuliona kwingine: wauguzi walikuwa wakiwapa wagonjwa mofini, dawa kali ya maumivu, kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi. Wagonjwa walikuwa macho, wakizungumza, wakila. Alilichukua hilo, akalifanyia kazi kitaalamu, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's, hospitali ambayo tiba shufaa yote ya leo, yaani matunzo ya kumpunguzia mateso mgonjwa wa ugonjwa mzito, imejifunza kwake. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa maumivu ya saratani mwaka 1986, lile la saa lilikuwemo, na mpaka leo limo.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Mofini ya maji inafanya kazi kwa muda wa saa 4 hivi. Ikiisha, maumivu yanarudi, na yakisharudi yanahitaji nguvu kubwa zaidi kuyashusha. Ndiyo maana tunaitoa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku tunampa dozi mara mbili ili alale mpaka asubuhi bila kuamshwa. Mtu anayeanza tunampa miligramu 5, na mzee au aliyedhoofika sana 2.5. Pamoja na dozi hizo za saa kuna dozi ya ziada, kiasi kilekile, kwa ajili ya maumivu yanayopenya katikati. Dozi ya ziada haifuti ile ya saa inayofuata. Hapa ndipo tunapokosea mara nyingi: mgonjwa amepewa ya ziada saa 7 mchana, ikifika saa 8 muuguzi anasema, "Si umekunywa sasa hivi?" Hapana. Ya saa 8 ni ya saa 8.

Na kila dozi ya ziada iandikwe. Chukua mgonjwa aliye kwenye miligramu 5. Kwa siku nzima, pamoja na ile ya usiku iliyorudufiwa, anapata 30. Jana ameomba ya ziada mara 3, hizo ni 15. Jumla 45. Daktari akiona chati hiyo asubuhi anagawanya kwa 6 na kumpandisha hadi 7.5, na leo mgonjwa hataomba tena. Lakini chati ikiwa tupu daktari ataona 30, atauliza "Vipi, unaendeleaje?", atajibiwa "Naendelea vizuri, dokta," na atapita. Dozi inapanda kwa kalamu ya daktari, ila kinachomwongoza mkono ni kile tulichokiandika sisi usiku.

Hilo jibu la "naendelea vizuri" naomba tulitazame vizuri. Sisi tumelelewa kujibu salamu kwa heshima. Mtu ana kidonda kimefika kwenye mbavu, ukimwuliza hali anasema "Sijambo, namshukuru Mungu." Anamwona sista ana vitanda 30 na mwenzake mmoja, hataki kumsumbua. Mwanaume ameambiwa tangu utotoni ajikaze. Mama mtu mzima hataki kuugulia mbele ya mkwewe. Kwa hiyo muuguzi anayeuliza "Unaumwa?" huku anatembea hatapata ukweli, na akiandika "hana maumivu" atakuwa ameandika adabu ya mgonjwa, hajaandika hali yake.

Uliza vinginevyo. Umelala upande gani jana? Uliamka mara ngapi? Umeweza kukaa ukala, au umelishwa? Umeswali umesimama au umekaa? Ukitembea mpaka chooni unapumzika wapi? Majibu ya maswali hayo hayana aibu ndani yake, na yanakuambia karibu yote. Kisha mwonyeshe mkono wako: ngumi ni kutokuwa na maumivu kabisa, vidole vitano ni maumivu makali kuliko yote aliyowahi kuyapata. Yeye anainua vidole. Hata asiyejua kusoma anaweza, hata aliyeishiwa sauti kwa saratani ya umio anaweza. Watoto wana picha zao za nyuso, kuanzia uso unaotabasamu mpaka uso unaolia. Walizitengeneza muuguzi Donna Wong na mwenzake Connie Baker kule Marekani mwaka 1983, na watoto wenyewe ndio waliowaonyesha nyuso zichorwe vipi. Muuguzi mwingine wa Marekani, Margo McCaffery, alishaweka msingi tangu mwaka 1968: maumivu ni yale ambayo mwenyewe anayeumia anasema anayo. Mgonjwa akiinua vidole vinne, andika 4. Usitazame uso wake ukaamua kwamba ni 2 kwa sababu ulimwona anapiga soga na mgeni. Mtu mwenye maumivu ya miezi mingi anajua kucheka nayo.

Muulize pia panaumaje. Panapopwita na kuuma mahali pamoja ni jambo moja. Mgonjwa akisema panachoma, panawaka moto, panapita kama umeme kushuka mguuni, au pana ganzi lakini khanga ikigusa anaruka, hapo mshipa wa fahamu umeguswa. Mofini peke yake haitatosha. Mwambie daktari, kuna amitriptilini ya usiku kwa dozi ndogo, na inasaidia. Maumivu ya mfupa yanapungua kwa dawa za jamii ya ibuprofeni, na mionzi, hata ya mara moja tu, inaweza kumpa mtu nafuu kubwa. Hayo ni ya daktari kuamua, ila mwenye kuyasikia kwanza ni wewe.

Na kuna moja ambalo halingoji raundi ya kesho. Mgonjwa wa saratani aliyekuwa na maumivu ya mgongo akianza kusema miguu inakosa nguvu, au mkojo haumtoki, au choo kinamtoka bila kujua, daktari aitwe saa hiyohiyo. Uti wa mgongo unabanwa. Akitibiwa mapema anaweza kuendelea kutembea. Akiachwa mpaka Jumatatu anaweza asisimame tena.

Nataka nikae kidogo kwenye kubadilisha vidonda, kwa sababu hapo ndipo sisi wenyewe, kwa mikono yetu, tunaweza kuwa chanzo cha maumivu makubwa kuliko ugonjwa. Nilimhudumia mama mmoja, mchuuzi wa samaki, mwenye kidonda cha saratani ya titi. Kila alipolisikia toroli linakuja alikuwa anageukia ukutani na kushika chuma cha kitanda. Shashi zilikuwa zimekaukia juu ya kidonda, na alikotoka walikuwa wakizivuta hivyohivyo, kavu, kwa haraka, wakimwambia "Pole mama, tunamaliza sasa hivi."

Tukapanga upya. Dozi ya ziada ya mofini alipewa nusu saa kabla ya toroli kuingia, na tulimwambia tunampa kwa ajili ya nini. Maji ya chumvi tuliyapasha kidogo yasimshtue, tukalowesha shashi na kusubiri mpaka ziachie zenyewe. Tukakubaliana naye kwamba akiinua mkono tunasimama, bila kumwuliza kwa nini. Vidonge vya metronidazo tulivisaga mpaka vikawa unga laini, tukanyunyiza juu ya kidonda kuua wadudu wanaoleta harufu, kisha shashi yenye vaselini isiyogandana na nyama, kisha pamba nene ya kunyonya majimaji, na khanga yake safi juu. Mara ya kwanza aliinua mkono mara nyingi. Baadaye akawa anainua mara moja tu, nadhani ili aone kama ahadi bado ipo. Harufu ilipopungua akaomba wajukuu zake waletwe. Walikuwa hawaletwi. Hakuna dawa mpya iliyotafutwa nje. Vitu vyote hivyo vilikuwa vimo kwenye stoo ya wodi.

Sasa mofini. Najua mnavyoiogopa, kwa sababu ninaongea nanyi koridoni.

Ndugu wa wagonjwa wanasema ni dawa ya mwisho, kwamba akianzishiwa basi tumeshamkatia tamaa. Waambieni kwamba tunaitoa kwa kufuata ukali wa maumivu, haifuati siku zilizobaki. Kuna mgonjwa anayetumia mofini wiki chache wakati wa mionzi, uvimbe ukinywea dozi inapunguzwa taratibu mpaka anaiacha. Isikatwe ghafla tu.

Wengine wanaogopa mtu wao asije akawa teja. Mgonjwa mwenye maumivu ya saratani, anayekunywa mofini kwa mdomo, kwa saa na kwa dozi iliyopimwa, ni nadra sana kuingia kwenye uraibu. Anaangalia saa kwa sababu anaumia. Mpe dozi inayomtosha, utaona ataacha kuangalia saa.

Wengine, na humu tumo sisi wauguzi, tunaogopa itamzuia kupumua afie mkononi mwetu. Hofu hii naiheshimu, na dawa yake ni ujuzi. Kwa dozi ndogo inayopandishwa hatua kwa hatua, mgonjwa anasinzia kwanza kabla pumzi haijapungua, kwa hiyo una muda wa kuona. Siku mbili tatu za mwanzo atalala sana, na mara nyingi ni usingizi wa mtu aliyekesha kwa majuma. Mwamshe: akiamka, akakujibu, akarudi kulala, yuko salama. Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Zikishuka chini ya 8 na haamki vizuri, simamisha dozi, ita daktari; ipo naloksoni, dawa ya kuondoa nguvu ya mofini.

Jambo ambalo linatupita ni figo. Saratani ya shingo ya kizazi inaweza kuziba njia za mkojo kutoka kwenye figo, na mofini hutoka mwilini kwa njia ya figo. Mama aliyekuwa anaendelea vizuri na dozi yake akianza kushtukashtuka viungo, kuongea mambo yasiyoeleweka, na mkojo ukapungua, dawa inajikusanya mwilini. Dozi inahitaji kupungua au saa kurefushwa. Anayepima mkojo wodini ni nani kama si sisi?

Kichefuchefu kikija, mara nyingi kinaisha ndani ya siku chache na kina dawa yake. Kufunga choo hakuishi. Mwili hauzoei hilo hata baada ya mwaka mzima wa mofini. Kwa hiyo siku dozi ya kwanza inapoandikwa, dawa ya kulainisha choo iandikwe papo hapo, na kama daktari amesahau mkumbushe. Papai na maji vinasaidia lakini havitoshi. Nimeona wagonjwa walioacha mofini iliyokuwa inawapa usingizi, wakarudi kwenye maumivu, kwa sababu tu walikaa siku nyingi bila choo na hakuna aliyewauliza. Liulizeni kila siku, kwa uwazi, kama mnavyouliza presha.

Na ule ufunguo wa kabati la dawa za kulevya. Sheria inataka kabati lifungwe, daftari lijazwe, watu wawili wasaini, na iko sawa kabisa. Ila hakuna sheria inayotaka ufunguo uende nyumbani na mtu. Naufahamu usiku ambao dawa ilikuwapo, mgonjwa alikuwapo, muuguzi alikuwapo, na ufunguo ulikuwa ng'ambo ya mji. Ufunguo ukabidhiwe zamu kwa zamu kama wagonjwa wenyewe wanavyokabidhiwa, na kwenye makabidhiano hayo dozi inayofuata itajwe kwa saa yake.

Ndugu wa safu za nyuma, hapa ni penu zaidi. Saratani nyingi zinauguzwa nyumbani, na mkirudi na chupa ya mofini ninyi ndio zamu ya usiku. Sista atakapowaonyesha kupima, msiitikie tu kwa heshima. Shikeni bomba la sindano lisilo na sindano, vuteni dawa mbele yake mpaka kwenye mstari, fanyeni tena. Chupa ibandikwe jina na isichanganywe na chupa za maji ya kunywa, ikae juu mbali na watoto. Isiwe kwenye chupa ya soda kamwe. Kama nyumbani hakuna saa ya kutegemewa, kuna adhana, kuna kengele ya kanisa, kuna taarifa ya habari ya redio. Kaeni na muuguzi mpangie dozi kwenye alama hizo za siku. Mgonjwa akitangulia mbele ya haki, chupa iliyobaki irudisheni hospitali. Msimpe jirani anayeumwa jino.

Wakati wa Ramadhani, wapo wagonjwa wanaoficha dozi za mchana ili wafunge. Msiwagombeze. Sheria ya Kiislamu imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, lakini maneno hayo yakitoka kwa sista yana uzito mmoja na yakitoka kwa sheikh yana uzito mwingine. Mwiteni sheikh aje kitandani. Muuguzi anayejua ni nani wa kumwita ametuliza maumivu sawasawa na aliyeleta chupa. Kwa Mkristo anayeamini kwamba mateso haya ni adhabu na hastahili nafuu, mwiteni padri au mchungaji anayejua kusikiliza.

Huyohuyo Saunders ndiye aliyefundisha kwamba maumivu ya mtu hayakai mwilini peke yake. Unampandishia dozi baba wa watu, vidole bado vinne, mpaka unapokaa na kugundua kwamba nauli ya kurudi kijijini hana, shamba limewekwa rehani kwa ajili ya vipimo, na watoto hawajaambiwa anaumwa nini. Au yeye mwenyewe hajaambiwa, kwa sababu ndugu walimwomba daktari asimwambie, na sasa amelala anasikia watu wakinong'ona nje ya pazia. Hayo hayana mililita. Mwite afisa ustawi wa jamii, kaa na familia, na zaidi ya yote usimkwepe mgonjwa anapouliza. Akikuuliza "Sista, nitapona?", vuta kiti kwanza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nimebakiza maneno kwako, na nayasema kwa heshima.

Mwaka 2017 jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la kitabibu la Lancet lilitoa hesabu ya dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka. Zilikuwa tani 298.5. Nchi maskini kabisa, zote kwa pamoja, zilipata tani 0.1. Hiyo ni kilo 100, gunia moja la mahindi, kwa ajili ya maumivu ya mamilioni ya watu. Na mofini ya maji si dawa ya gharama: ni unga, maji safi, na dawa ya kuzuia isiharibike. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road pale Dar es Salaam wanaitengeneza. Kwa hiyo kinachotakiwa ni iteremke kutoka hospitali kubwa mpaka kituo cha afya, na kuwe na mtu aliyeruhusiwa kuiandika.

Hapo kwenye kuandika tuna jirani wa kujifunza kwake, Uganda. Daktari Anne Merriman alifanya kazi Nairobi Hospice, kituo cha tiba shufaa, mwaka 1990, akaanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 akiwa na fedha za miezi 3 tu. Alitumia mofini ya maji ya namna hiyohiyo. Lakini waligundua tatizo: vijijini hapakuwa na daktari wa kuiandika, palikuwa na muuguzi. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha kanuni zake, wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa wakaruhusiwa kisheria kuandika mofini. Hawakukabidhiwa kalamu ovyo. Walisoma miezi 9, wakapimwa, ndipo wakaandika. Na mgonjwa hatozwi kitu kwa dawa hiyo.

Kwetu muuguzi anampima mgonjwa maumivu, anampa dawa, anamfuatilia, anajua kuliko mtu yeyote kwamba dozi haitoshi, halafu inabidi asubiri. Ikiwa ni Ijumaa jioni kwenye kituo cha afya cha pembezoni, anasubiri siku 3, na anayesubiri kwa kweli ni mgonjwa. Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, nasi tukiwemo, zilipitisha azimio la kuingiza tiba shufaa katika mfumo mzima wa afya kuanzia ngazi ya chini. Ngazi ya chini yetu inaendeshwa na wauguzi. Naomba ulipeleke wizarani ombi hili: muuguzi aliyesoma, akapimwa na kusajiliwa kwa kazi hiyo, aruhusiwe kuanzisha mofini ya maji na kupandisha dozi yake. Tupo tayari kusoma miezi hiyo. Tupo tayari kukaguliwa daftari kila wiki.

Wauguzi wenzangu, baada ya chai msitawanyike. Mfamasia ameweka meza 4 pale ukumbi mdogo, zenye chupa za maji ya rangi na mabomba ya saizi zote. Ndugu wa wagonjwa wataanza kupima, na sisi tutasimama nyuma yao tukiwaangalia, bila kuwashikia mkono. Kwenye meza ya mwisho kuna chati tupu za maumivu. Kila wodi ichukue za mwezi mmoja, na kila zahanati vilevile. Zamu ya jioni inaingia leo saa 8, na dozi ya saa 8 ni yenu.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.